Kabla ya Kufungua Kamera, Fungua Picha

Mtu akinijia na kilio cha fokasi, kamera yake naiweka pembeni kwanza. Naomba kadi. Wengi hushangaa, maana wamekuja kwa fundi na wanamtarajia fundi ashike bisibisi. Lakini kadi ndiyo yenye ushahidi. Imebeba picha zilizoharibika, na ndani ya kila picha kamera yenyewe imeandika kasi ya shata, ukubwa wa tundu la lenzi, ISO, urefu wa lenzi, hata saa iliyopigwa. Nikishapitia picha za shughuli ya mwisho huwa nimejua kama kuna kazi ya bisibisi au hakuna. Mara nyingi hakuna.

Kazi hii naifanyia Kariakoo, Dar es Salaam. Nilianzia kwenye studio ya picha za pasipoti enzi za filamu, tukitumia Pentax K1000, kamera ambayo fokasi yake ilikuwa vidole vyako mwenyewe. Katikati ya dirisha la kuchungulia palikuwa na kiduara cha vichembe. Picha ikiwa nje ya fokasi vilimetameta, ikikaa sawa vilitulia. Siku hizo picha ikitoka na ukungu aliyeulizwa ni mpiga picha. Leo inaulizwa kamera. “Fundi, imekufa fokasi,” ndiyo salamu ninayoipokea, wakati mwingine hata kabla ya shikamoo.

Ninachotaka kusema ni kwamba ukungu wa picha una aina zake, kila aina ina alama yake, na alama hiyo inasomeka na yeyote mwenye kamera na dakika chache za utulivu. Ukiisoma vizuri utajua kama unadaiwa ubadilishe namba moja kwenye kamera, ufute kioo, au kweli umtafute fundi.

Aina nne za ukungu

Fungua picha mbovu kwenye kompyuta, au kwenye skrini ya kamera yenyewe, uikuze mpaka nywele zionekane. Kisha jiulize: humu ndani kuna kitu chochote kilicho safi?

Kama uso wa bibi harusi umefifia lakini lesi ya gauni lake, au pazia lililo nyuma yake, linahesabika nyuzi, basi fokasi imefanya kazi. Imekwenda mahali pasipotakiwa tu.

Kama hakuna kilicho safi popote, na kila kitaa kimevutwa kuwa kistari, vyote vikielekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Wenyewe tunasema picha imecheza.

Kama meza, viti na keki vimetulia lakini mikono ya wanaocheza imeyeyuka, kamera ilitulia na watu ndio hawakutulia. Shata ilifunga taratibu mno.

Na kama picha nzima ina utando, rangi zimechujuka, taa zimevaa miduara ya mwanga, na hali ni hiyo hiyo mchana na usiku, mashaka yaelekee kwenye kioo: alama za vidole, filta ya bei ya kutupa, mvuke au kuvu.

Tiba za hizi nne hazifanani hata kidogo. Anayenunua lenzi mpya kwa sababu ya shata ya taratibu atabaki na lenzi mpya na picha zile zile.

Kamera inavyotafuta fokasi

Fokasi ya kujiendesha ina umri mkubwa kuliko vijana wengi wanaoilaumu. Konica walitoa C35 AF mwaka 1977, kamera ndogo ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa kwa wingi. Mwaka 1985 Minolta wakaleta 7000, kamera ya kubadilisha lenzi iliyobeba vihisio na mota ndani ya mwili wake. Kamera za kioo ambazo bado zimejaa kwenye kumbi zetu zinafuata wazo hilo.

Inua kidole mbele ya pua, fumba jicho la kushoto, kisha lifumbue na ufumbe la kulia. Kidole kinaruka, na kadiri kilivyo karibu ndivyo kinavyoruka zaidi. Kamera ya kioo inatumia werevu wa namna hiyo. Kioo kikubwa hupitisha sehemu ya mwanga, kioo kidogo kilicho nyuma yake huutupa chini, na huko sakafuni kuna kihisio kinacholinganisha mwanga uliopitia upande mmoja wa lenzi na ule uliopitia upande wa pili. Visipolingana, kamera inajua lenzi isogezwe upande gani na kwa kiasi gani. Inapiga hesabu, inaisukuma mota, kazi imekwisha.

Ukilielewa hilo, mambo mawili yanayowasumbua watu yanajieleza. La kwanza ni kwamba kihisio kinataka kitu cha kulinganisha: mstari, ukingo, mahali giza linapokutana na mwanga. Kanzu nyeupe isiyo na mkunjo haikipi chochote, wala suti nyeusi, wala ukuta wa rangi moja. Lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma ikinung’unika, halafu itasimama. Lenga ukosi wa kanzu, kifungo cha suti, ukingo wa kofia, au nyusi za mtu, na utashangaa ilivyopona.

La pili ni kwamba nukta za fokasi hazina nguvu sawa. Canon 1300D ina nukta 9 na Nikon D3200 ina 11, lakini katika kamera zote mbili ni nukta ya katikati peke yake inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Nyingine husoma mwelekeo mmoja tu. Ndiyo maana kwenye taa hafifu nukta ya pembeni inahangaika wakati ya katikati inashika. Ikikugomea kabisa, iinamishe kamera kidogo, shika fokasi, ndipo uinyooshe upige.

Usiiachie kamera ichague

Kamera mpya hutoka kiwandani nukta zake zote zikiwa wazi, na wengi huziacha hivyo miaka yote. Kamera ikiachiwa uamuzi kwa kawaida hukimbilia kilicho karibu nayo chenye ukingo ulio wazi. Ukumbini hicho ni ua la mezani, maikrofoni ya MC au bega la mpambe. Ingia kwenye menyu, chagua nukta moja, iweke juu ya jicho la mtu unayempiga. Kwa marekebisho haya pekee, kamera nyingi zinazoletwa mezani kwangu zimerudi nyumbani bila kufunguliwa.

Kisha angalia namna ya kufokasi. Kwa mtu aliyetulia tumia ile inayofunga na kungoja: Canon wanaiandika One Shot, Nikon na Sony wanaiandika AF-S. Maharusi wakiingia wakicheza, au mtoto akikimbia, tumia ile inayofuata mwendo, yaani AI Servo au AF-C. Ukitumia ya kwanza kwa maharusi wanaotembea, kamera itafunga fokasi pale walipokuwa, na wewe utapiga wakiwa wamekwisha kusogea hatua moja. Zile zinazojiamulia zenyewe, AI Focus na AF-A, nawaambia wateja waachane nazo, kwa sababu hubadilika wakati ambao hukuzitazamia.

Halafu kuna ulevi wa f/1.8. Lenzi ya milimita 50 ni rahisi kupatikana, na kila kijana anataka nyuma ya picha kuyeyuke. Lakini ukisimama mita moja kutoka kwa mtu, kwa kamera yenye sensa ya APS-C, kwenye f/1.8 eneo lililo safi halifiki unene wa sentimita tatu. Kope zitahesabika na masikio yatakuwa yamekwenda. Mtu akivuta pumzi na kuegemea mbele, hata kope zinakwenda. Kwa picha ya mtu mmoja shuka mpaka f/2.8. Kwa ukoo uliopangwa mistari miwili au mitatu nenda f/5.6 au f/8, na ufokasi kwenye mstari wa mbele au wa katikati, usifokasi kwenye ukuta.

Wapo pia wanaosogea mno. Kila lenzi ina umbali ambao chini yake haiwezi kufokasi, na umbali huo umeandikwa kwenye lenzi. Lenzi nyingi za milimita 50 zinahitaji sentimita 35 hadi 45, na za kuvuta mbali, kama 70-300, mara nyingi huhitaji zaidi ya mita moja. Mtu anaikaribia pete ya ndoa mpaka lenzi inataka kuigusa, shata inakataa kushuka, na mimi napigiwa simu.

Na kabla hujasema unachokiona kwenye dirisha la kuchungulia kina ukungu, tafuta kigurudumu kidogo kando ya dirisha hilo. Kazi yake ni kulirekebisha dirisha lilingane na macho yako. Kizungushe ukitazama maandishi na namba za ndani, mpaka zisomeke vizuri. Picha inayotoka haitabadilika, lakini utaacha kugombana na kamera isiyo na kosa.

Shata na taa za ukumbini

Picha zilizocheza ndizo nyingi kuliko zote, na huwa zinatoka usiku. Macho ya binadamu huzoea taa za ukumbi upesi, kwa hiyo mpiga picha anaona pana mwanga wa kutosha. Kamera haina mazoea hayo. Ikiwa kwenye otomatiki itapunguza kasi ya shata mpaka sehemu 1 ya 30 ya sekunde, na hapo hakuna mkono wa kuitegemea.

Kanuni ya wazee bado inafaa: kasi ya shata isiwe chini ya urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 200 inataka angalau 1/200. Kwenye kamera zenye sensa ndogo ongeza nusu yake, kwa hiyo ile ya 50 inataka 1/80 na ya 200 inataka 1/320. Hiyo inatibu mtikisiko wa mkono wako tu. Mtu anayezungumza anahitaji 1/125, wanaocheza 1/250, na mtoto anayekimbia 1/500. Kitulizaji kilichomo ndani ya lenzi kinatuliza lenzi, hakimtulizi mjomba anayeserebuka.

Kasi hiyo italipwa na nini? Na ISO. Kutoka 1/30 kwenye ISO 400 kwenda 1/125 utahitaji ISO 1600, ukitaka mwanga ubaki ule ule. Vijana wanaiogopa ISO kwa sababu ya chembechembe. Mimi nawauliza wateja wangu: umewahi kumsikia mama wa bibi harusi akilalamikia chembechembe? Huwa analalamika kwamba mwanawe haonekani sura. Chembechembe zinapunguzwa kwenye kompyuta, lakini picha iliyocheza haisafishiki ikawa safi kweli.

Kwa wenzetu wa mbugani nina ombi moja: mwambieni dereva azime injini. Gari linalonguruma hutikisa lenzi ya milimita 400 hata kama umeilaza juu ya mfuko wa mchanga. Na jua la saa saba mchana, hewa inapochemka juu ya ardhi, simba aliye mbali atatoka kama yuko chini ya maji. Hapo hakuna kamera wala fundi atakayekusaidia. Nenda asubuhi.

Kioo, mvuke na kuvu

Sisi wa pwani tuna adui ambaye vitabu vya kamera vinamtaja kwa mistari miwili tu: unyevu. Kamera iliyokaa kwenye gari lenye kiyoyozi ikitolewa ghafla nje, mvuke hutua kwenye kioo cha baridi na dunia nzima inakuwa nyeupe. Ukiifuta, mvuke unarudi. Iache ndani ya begi lililofungwa zipu kwa nusu saa hivi ipate joto polepole, ndipo uitoe. Kwa hiyo fika mapema.

Kuvu ndiyo mbaya zaidi, maana hukaa ndani. Ishike lenzi kuelekea dirishani, fungua tundu lote, umulike kwa tochi ya simu kwa ubavu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, imeingia. Inapenda giza, unyevunyevu na begi la ngozi lililofungwa wiki nyingi. Ikiwahiwa inasafishika. Ikichelewa inakula kemikali iliyopakwa juu ya kioo, na alama yake haitoki tena. Kinga yake ni sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pakiti za silika za kunyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu kisomacho kati ya asilimia 40 na 50. Zile pakiti zinazotoka kwenye maboksi ya viatu mara nyingi zimekwisha kushiba unyevu kabla hujaziokota. Mchele nao uache jikoni, kwani vumbi lake ni kazi nyingine kwangu.

Sehemu ambayo fundi anahitajika

Hata hapa anza na yaliyo rahisi. Swichi ya AF na MF kwenye lenzi husukumwa na begi bila mwenyewe kujua. Vipini vya dhahabu vinavyounganisha lenzi na kamera vikishika jasho au chumvi ya bahari, mawasiliano hukatika na kamera huandika kosa kwenye skrini. Zima kamera, toa lenzi, pangusa vipini kwa kitambaa laini chenye tone la spiriti safi ya vifaa vya umeme. Usitumie kisu wala msasa.

Kijana mmoja aliniletea Nikon D3200 na lenzi ya 50 ya zamani, aina ya AF-D, aliyoinunua mtumba.

“Shikamoo mzee. Mota imeungua.”

“Marahaba. Haijaungua. Haina mota.”

Lenzi za AF-D zinategemea mota iliyomo ndani ya mwili wa kamera. D90 na ukoo wa D7000 wanayo, ukoo wa D3000 na wa D5000 hawana. Kamera yake ilikuwa inahitaji lenzi iliyoandikwa AF-S, au avumilie kuzungusha kwa mkono akiitazama nukta ya kijani ndani ya dirisha, ambayo huwaka fokasi ikikaa. Alichagua kuzungusha, na nasikia anaendelea vizuri.

Baada ya hayo ndipo tunakuja kwenye hitilafu ya kweli: kamera inayosema imeshika, inalia tiii, na picha zote zinaangukia mbele au nyuma ya ulipolenga. Kipimo chake ni gazeti. Libandike kwenye ubao ulioinamishwa kiasi cha nyuzi 45, weka kamera juu ya stendi, fungua tundu lote, simama mita mbili hivi kwa lenzi ya 50, ulenge mstari mmoja wa maandishi uliouwekea alama ya kalamu. Piga mara kadhaa kupitia dirisha la kuchungulia, ukiivuruga fokasi kabla ya kila picha. Kisha piga tena kwa skrini ya nyuma, ambapo kioo hunyanyuka na sensa yenyewe hutafuta fokasi.

Kama kwa skrini mstari wako ni safi na kwa dirisha ni mstari mwingine ndio unaosomeka, kila mara upande ule ule, basi lenzi ni nzima na njia ya mwanga kwenda kwenye kihisio ndiyo iliyopinda. Huenda kamera ilianguka, au lenzi na mwili havielewani. Kamera za daraja la kati na kuendelea, kama Canon 7D au Nikon D7000, zina marekebisho ya menyu kutoka -20 hadi +20, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe. Kamera za kuanzia hazina, hivyo ni za fundi. Fundi huyo asikubaliwe kugusa skrubu ya kioo bila kukuonyesha gazeti la kabla na la baada. Kama picha ni mbovu kwa njia zote mbili, au upande mmoja wa picha ni safi na wa pili umefifia, lenzi ndiyo iliyopata kilema.

Kamera zisizo na kioo zimemaliza sehemu kubwa ya ugomvi huu, kwa kuwa sensa inayopiga picha ndiyo inayofokasi. Simu nazo ni hivyo, ila zina ajali zao. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kuharibu vitulizaji na fokasi za kamera za iPhone. Dereva wa bodaboda anayefunga simu kwenye usukani kwa ajili ya ramani, na ndiyo hiyo hiyo anayompigia mwanawe picha, alijue hilo.

Kuna pia ugonjwa usiokuwa wa kamera hata kidogo. Dada mmoja mpiga picha alikuja amevunjika moyo: mteja amezikataa picha zote, ati zina ukungu. Kwenye kadi zilikuwa safi, nywele zinahesabika. Alikuwa amezituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, na programu hiyo ikazibana ili zisafiri haraka. Zitume kama dokumenti, au mpe mteja flashi diski.

Ukienda kununua mtumba

Mengi ninayoyakuta mezani yangezuilika dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Nenda na kadi yako, betri yako iliyojaa, tochi ya simu na ukurasa wa gazeti. Mulika lenzi kwa ubavu. Zungusha mkono wa fokasi usikilize kama unasaga mchanga. Kisha simama mlangoni penye mwanga, weka nukta moja, fungua tundu lote, ulenge kitu cha karibu, cha wastani na cha mbali, kwa dirisha na kwa skrini. Zikuze picha hapo hapo. Muuzaji atakuambia kamera ilitumiwa na mzungu mmoja tu, tena kwa uangalifu. Mpongeze, uendelee kukuza picha. Na akikuambia leo haiwezekani kuijaribu, rudi kesho, ila pesa rudi nayo nyumbani.